Sigatoka Nyeusi: Ugonjwa wa Majani ya Migomba

Wakulima wengi huona majani ya migomba yakikauka kabla ya wakati wakadhani ni jua au uzee. Mara nyingi sababu ni ugonjwa uitwao Sigatoka nyeusi, uletwao na kuvu. Katika Afrika Mashariki ulitambuliwa kwanza kisiwani Pemba mwaka 1987. Mgomba ulioshikwa huzaa mkungu mwepesi, na ndizi huiva kabla ya kujaa.

DALILI. Tazama upande wa chini wa jani. Utaona michirizi midogo ya hudhurungi. Baadaye michirizi hupanuka, huwa myeusi, huungana, na jani hukauka.

JINSI KUVU INAVYOZAANA. Kuvu huzaa kwa vimbegu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, navyo ni vya namna mbili. Vya kwanza huota juu ya michirizi ingali michanga. Mvua huviangusha kwenye majani ya karibu. Vya pili hukomaa ndani ya jani lililokufa. Humo kuvu hufanya vyungu vidogo vyeusi. Kila chungu kina vifuko, na kila kifuko kina vimbegu 8. Jani likilowa, vifuko hurusha vimbegu nje, na upepo huvichukua hadi mashamba ya mbali.

Basi jani kavu linaloning'inia mgombani ni ghala ya adui, na kila mvua inyeshapo hufunguka.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kila juma pita shambani na mundu. Ikate sehemu iliyokauka. Jani lililokauka zaidi ya nusu likate lote. Usikate jani bichi lililo zima, maana ndilo linalolisha mkungu.

2. Majani yaliyokatwa yalaze chini, moja juu ya jingine. Yale yaliyofunikwa huoza upesi, na vimbegu vyake haviwezi kuruka. Tena yatakuwa matandazo mazuri.

3. Katika kila shina acha mama, mtoto na mjukuu tu, ili upepo upite na umande ukauke mapema.

4. Chimba mifereji mahali maji yanapotuama.

5. Ukipanda upya, mwulize bwana shamba au bibi shamba habari za miche inayostahimili ugonjwa huu, kama FHIA 17.

Jirani asipokata majani yake, vimbegu vitakujia kwa upepo. Kwa hiyo shaurianeni, mfanye kazi hii pamoja kabla ya mvua kuanza.