Ifá ya Wayoruba na Ramli Yetu



Katika somo la dini za Afrika nimejifunza kuhusu Ifá, uaguzi wa Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nigeria na wa Benin. Mwaguzi huitwa babalawo, yaani baba wa siri. Hutumia kokwa 16 za mchikichi, huchora alama juu ya ubao ulionakshiwa, kisha husoma kwa moyo beti za alama iliyotoka. Alama zote ni 256, na kuhifadhi beti zake huchukua miaka mingi. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza Ifá kuwa urithi wa wanadamu.

Anayeijua ramli atashtuka: nayo ina alama 16, na 16 mara 16 ni 256. Basi tusiwacheke Wayoruba huku wenzetu wakienda kupigiwa ramli kabla ya mtihani au posa, eti kwa kuwa kitabu cha mpigaji kina herufi za Kiarabu.

Hukumu ni moja. Sura al-Maida, aya ya 90, imekataza. Na Imam Muslim amepokea kwamba anayemwendea mwaguzi akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40.

Wayoruba wengi ni Waislamu, na wengine wana jamaa wa dini nyingine nyumbani. Jirani aheshimiwe, sanaa yake isomwe, lakini ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Ukiwa na shaka, sali rakaa 2 za istikhara, taka shauri kwa wajuzi, kisha azimia.

Wabillahi tawfiq.