Vyombo vya Mwenye Kujifunza Kujalidi Vitabu

Katika makabati ya misikiti na madarasa yetu mna vitabu vingi vilivyofumuka. Vingine vimefungwa kamba kama matita ya kuni, na vingine vimebandikwa utepe wa gundi, ambao baada ya miaka hugeuka manjano na kuiharibu karatasi. Twaona yapasa tueleze vyombo vya kazi hii, kwani wengi huikimbia wakidhani kuwa yataka mashine.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Katika Umdat al-Kuttab, kitabu kinachonasibishwa na al-Muizz bin Badis, aliyetawala upande wa Tunisia katika karne ya 11, vimetajwa vyombo vya mjalidi: kibao cha marumaru, kinoo, kisu, msharasi, mkasi, sindano, jiliwa na rula. Ukitazama, karibu vyote hivyo utavikuta kwa fundi viatu wa mtaani!

Mwanafunzi na aanze na mfupa wa kukunjia, nao ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichosuguliwa hata kikawa laini, mfano wa kisu kisichokata. Kwa huo hukandamiza mikunjo ya karatasi. Kisha atafute msharasi wa kutobolea, sindano nyembamba, na uzi wa kitani uliopakwa nta. Uzi wa nailoni haufai, maana hukata karatasi kama msumeno. Ama gundi, uji wa unga wa ngano uliopikwa na kupozwa watosha, nao una fadhila hii, kwamba ukikosea wabanduka kwa maji. Jiliwa ni mbao mbili na parafujo mbili. Asiyekuwa nayo na aweke jiwe zito.

Kisu ndicho cha mwisho kushikwa. Vitabu vingi vya zamani vilivyopigwa chapa Cairo na Bombay vina kitabu cha pili katika pambizo. Sisi wenyewe tulipata kusawazisha kingo za kitabu kimoja cha fiqhi ili kipendeze, na kisu kikaondoka na nusu ya kila mstari wa hashia. Nakala nyingine hatunayo. Tangu siku hiyo mwanafunzi wetu hukata daftari tupu, na kingo za kitabu chenye maneno huachwa kama zilivyo, hata zikiwa zimepinda.