Barua Mia Tatu, Jibu Moja

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unashona mashuka na sare pale Ilala, ukakusanya anwani za hoteli 300 za Zanzibar, ukakesha ukituma barua pepe, na jibu likaja moja tu: msituandikie tena. Pole sana. Unauliza kama njia hii imekufa. Haijafa, ila barua uliyotuma haikuwa na mwenyewe. “Ndugu Mteja, sisi ni vinara wa ubora” inamfaa kila mtu, kwa hiyo hakuna anayeona kuwa ni yake.

Najua utasema, “Dada, hoteli zote hizo nitaziandikia moja moja saa ngapi?” Wala sikuambii ufanye hivyo. Anza kwa kuzigawa, tena uzigawe kwa shida zao. Hoteli za Paje na Jambiani wahudumu wake wanashinda mchangani na juani. Wanataka sare nyepesi inayokauka upesi. Zile zinazofulia maji ya kisima yenye chumvichumvi, mashuka yao meupe hupoteza weupe mapema. Waeleze habari za mashuka ya rangi ya maziwa. Halafu kuna nyumba ndogo za wageni za Mji Mkongwe, vyumba vinane au kumi, vitanda vya kizamani vya nguzo nne ambavyo vipimo vyake huvipati dukani. Hao wanamtafuta fundi atakayekubali oda ya mashuka ishirini bila kununa. Ukifika hapo huna tena barua 300 za kuandika. Unazo tatu, na kila moja umeifikiria vizuri.

Sasa fungua jedwali la Excel. Weka safu ya jina, cheo, hoteli, mahali, kundi, tarehe uliyotuma na tarehe ya jibu. Kisha ongeza safu moja ninayoithamini kuliko zote, uiite “nilichokiona”. Humo unaandika sentensi moja tu kuhusu hoteli hiyo, uliyoitoa kwenye picha zao, kwenye maoni ya wageni, au kwa kupiga simu mapokezi. “Nimeona mmeongeza vyumba sita upande wa bustani” ni sentensi. “Nimependa hoteli yenu nzuri” si sentensi, kwa sababu unaweza kuihamishia hoteli ya jirani na isidhurike. Ikihamishika, ifute. Programu za akili bandia zitakusaidia kufupisha barua, lakini sentensi hii usiziachie. Zitasifia bustani isiyokuwepo.

Kila hoteli itakuchukua dakika tatu. Hoteli ishirini kwa siku ni saa moja, na kwa siku kumi na tano za kazi umezimaliza zote. Word ina huduma ya kuunganisha barua na jedwali: inachota jina na ile sentensi, na kila mtu anapata yake peke yake. Usirudie kuweka anwani zote kwenye barua moja, kila mtu akaona za wenzake.

Kabla ya kutuma, jitumie tano mwenyewe uzisome. Mimi niliwahi kupanga upya safu ya majina peke yake, nyingine zikabaki palepale. Meneja wa Jambiani akapokea sifa za ufukwe wa Nungwi, na mteja yule sikumpata tena.

Angalia na salamu. Amani au Furaha anaweza kuwa mwanamume au mwanamke. Kama hujui, andika “Ndugu” na jina lake kamili. Kiwengwa mameneja wengine ni Waitaliano, basi ulizia kwanza wanasoma lugha gani.

Wakati nao una neno. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hufunga au hufanya ukarabati. Barua ya mashuka iwafikie Februari, kabla ya hapo, si Julai wageni wamejaa na hakuna mwenye nafasi ya kukusoma.

Akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha watu 500 kwa siku, lakini hata mia ni wengi mno kwako. Watu wakianza kukuripoti kuwa unatuma barua taka, hata barua zako nzuri zitaishia kwenye kapu la barua taka. Aliyekwambia usimwandikie, mfute leo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kukataa kutangaziwa biashara, na hata isingekuwepo, amekuomba kwa adabu.

Wiki hii chagua hoteli ishirini za Mji Mkongwe tu. Waandikie kuhusu vile vitanda, uwaombe vipimo vya kimoja, kisha nitumie barua yako niione kabla hujabonyeza kutuma.