Filamu Fupi ya Njozi: Ajabu Haisubiri Kompyuta

Hadithi ina falme saba, vita na ukoo wa majini. Inaweza kuingia katika dakika 15?

Haiwezi. Filamu fupi ya njozi hubeba ajabu moja, na ajabu hiyo hupewa sharti moja. Mvuvi akiokota kioo kinachomwonyesha mtu atakayekufa kesho, hiyo tayari ni filamu. Ufalme ulioko chini ya bahari, pamoja na wafalme wake na vita vyao, ni filamu nyingine, tena ndefu. *Pumzi* ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotengenezwa mwaka 2009 na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka uliofuata, inahusu dunia iliyokauka baada ya vita vya maji. Hata hivyo, kwa muda wa dakika 21 hivi mtazamaji anamfuata mwanamke mmoja, udongo kidogo na mbegu moja. Ukubwa wa dunia ile unajulikana kwa vitu anavyonyimwa mwanamke huyo.

Kabla ya kuandika onyesho lolote, mwandishi huandika sharti la ajabu yake kwa sentensi moja: inafanya nini, inashindwa nini, na anayeitumia anailipia nini. Sentensi hiyo ikikataa kukamilika, muswada haujaiva, na kukodi kamera wakati huo ni kupoteza fedha.

Ni programu ipi, simu ipi na kitambaa kipi cha kijani kitakachotoa majini na mazimwi yanayoaminika?

Barua nyingi za wasomaji zimeunganishwa katika swali hili kwa sababu mzizi wake ni mmoja: imani kwamba ajabu hutengenezwa wakati wa kuhariri, na kwamba siku ya kupiga picha ni ya kukusanya vipande tu. Kauli ya "hiyo tutaimalizia kwenye kompyuta" imeharibu kazi nyingi za kwanza. Mhariri hupokea picha zenye mwanga usiolingana, kamera inayotikisika na mwigizaji anayetazama pasipo na kitu, kisha huambiwa atie zimwi hapo. Hakuna programu inayoponya picha ya namna hiyo.

Ajabu ya filamu ni ya zamani kuliko kompyuta. Georges Méliès, mwanamazingaombwe wa Paris, alitengeneza *Le Voyage dans la Lune* mwaka 1902. Humo wakazi wa mwezini wakipigwa kwa mwavuli hutoweka katika wingu la moshi. Kamera ilisimamishwa, mwigizaji akaondoka, moshi ukawashwa, kamera ikaendelea kutoka palepale, na vipande vikaungwa kwa uangalifu.

Mbinu hiyo hufanya kazi kwa simu ya leo, ila ina masharti yake. Simu hukaa juu ya stendi na haiguswi hata kidogo. Mwangaza, fokasi na rangi hufungwa kwa mkono, kwa kuwa simu ikiachwa ijirekebishe yenyewe, picha hung'aa au hufifia mara mtu anapoondoka, na mtazamaji huuona mruko. Waigizaji waliobaki huganda walipo, mkono ulioinuliwa ukibaki umeinuliwa. Kazi hufanywa upesi, maana kivuli cha jua kinasogea. Pakiwa na mnazi nyuma yao, makuti yatakuwa yamehamia upande mwingine kabla mtu hajatoka kwenye picha, kwa hiyo ukuta mtupu ni salama zaidi.

Njia nyingine ni kurudisha picha kinyumenyume. Katika *La Belle et la Bête* ya mwaka 1946, Jean Cocteau alipata mishumaa inayojiwasha kwa kupiga picha mishumaa ikizimwa, na vinara vya ukutani vilishikwa na mikono ya watu halisi iliyopenyezwa ukutani. Wazo lilikuwa kubwa, gharama ikawa tundu la ukuta na watu wenye subira. Jitu nalo hupatikana kwa kumweka mwigizaji mmoja karibu na kamera na mwingine mbali, miguu yao ikafichwa nyuma ya kizingiti, kila mmoja akatazama alama iliyowekwa mahali ambapo macho ya mwenzake yangekuwa. Macho yakikosea alama, hila yote hubainika.

Kitambaa cha kijani kina kazi yake, lakini kinaongeza masharti badala ya kuyapunguza. Hunyooshwa kwa pasi kwa sababu kila kunjo ni kivuli. Huangazwa sawasawa kwa taa zake chenyewe, mbali na taa za mwigizaji. Mwigizaji husimama mita 2 au zaidi mbele yake ili rangi ya kijani isimrukie mabegani. Akivaa kanga yenye maua ya kijani, maua yote yatageuka matundu na mandhari ya nyuma yataonekana kifuani mwake. Mwanga wa jua uliompiga upande wa kushoto lazima ulingane na jua la picha itakayowekwa nyuma, na kosa hilo la mwelekeo wa mwanga ndilo jicho la kawaida hulitambua kwanza, hata pale mtazamaji anaposhindwa kueleza kilichomkera.

Kompyuta hutumika kwa haki kufuta uzi unaoning'iniza kitu, kuunganisha nusu mbili za picha na kulinganisha rangi. Ikilazimika kubuni kile ambacho hakuna aliyekipanga, matokeo huonekana.

Ni kweli kwamba anayeigiza jini hupandwa na jini, na kwamba lazima mganga azindike mahali pa kupigia picha?

Si kweli. Mganga anayetoza fedha kwa ajili hiyo anauza hofu. Fedha zile zinunue maji, chakula cha waigizaji na sanduku la huduma ya kwanza. Penye makaburi au ibada, wenyeji huombwa idhini kwa heshima, na wakikataa, kundi huhama.

Moshi wa uchawi, macho mekundu na ngozi ya zimwi vinapatikanaje kwa bei nafuu?

Unafuu una mpaka, na mpaka huo ni mwili wa mwigizaji. Jiko la mkaa likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na watu hufa bila kujua wamedhurika. Tairi linalochomwa hutoa moshi wa sumu hata nje. Mashine ya moshi ya kumbi za harusi hukodishwa, na dirisha huachwa wazi kati ya onyesho na onyesho.

Lenzi za rangi zinazouzwa kiholela madukani zisiwekwe jichoni mwa mtu yeyote. Lenzi isiyopimwa hukwaruza kioo cha jicho na kuingiza vijidudu, na madhara yake yanaweza kufika hadi upofu. Jicho jekundu lipakwe rangi wakati wa kuhariri. Hapo ndipo kompyuta inapostahili kuitwa. Gundi ya viatu na gundi ya chap-chap hazigusi uso. Gundi ya ngozi na mpira wa kinyago hujaribiwa kwanza sehemu ndogo ya mkono siku moja kabla, kwa kuwa wapo ambao mpira huwavimbisha. Mwongozaji anayesema mwigizaji avumilie kidogo hajui wajibu wake.

Picha zimetoka safi lakini filamu haitishi. Kasoro iko wapi?

Karibu kila mara iko kwenye sauti. *La Jetée* ya Chris Marker, ya mwaka 1962, imeundwa karibu yote kwa picha mnato katika dakika 28, na bado inamshika mtazamaji kwa sauti ya msimulizi, muziki na minong'ono. Zimwi lisiloonekana, linalosikika likikokota kitu nyuma ya mlango, humtisha mtu kuliko zimwi la plastiki lililoangazwa vizuri. Maikrofoni ihame kutoka kwenye kamera na kusogea kinywani mwa mwigizaji. Baada ya kila onyesho, watu wote wanyamaze kwa dakika nzima ili sauti ya mahali penyewe irekodiwe. Bila hiyo, kila mkato wa mhariri husikika. Jenereta, feni na bodaboda huzimwa au husubiriwa.

Wimbo ukitumika chini ya sekunde 30 hauhitaji ruhusa, sivyo?

Sivyo. Sheria ya namna hiyo haipo. Ruhusa ni mbili: ya mtunzi na ya mwenye rekodi.

Filamu ni fupi, wahusika ni marafiki. Kibali cha nini?

Ufupi hauondoi sheria. Tanzania Bara, filamu zinasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976, na Kenya nako kupiga picha za filamu kunahitaji leseni. Droni ina idhini yake kutoka mamlaka ya usafiri wa anga. Bunduki ya bandia na sare za askari hazitolewi hadharani kabla polisi hawajaarifiwa. Marafiki nao hutia saini kwamba wamekubali kuonekana, kwa kuwa urafiki ukivunjika, filamu hubaki bila mtu wa kuitetea.

Wakala anadai ada ili filamu ichaguliwe katika tamasha kubwa. Alipwe?

Asilipwe. Kanuni za kila tamasha husomwa na mtengenezaji mwenyewe, kuanzia na urefu: Cannes hupokea filamu fupi zisizozidi dakika 15, na tuzo za Oscar huhesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, lipo karibu na lina kanuni zake. Baadhi ya matamasha hutoza ada ya kupokea kazi, na ada hiyo hulipwa kwa tamasha lenyewe bila kuahidiwa chochote. Nafasi ya kuchaguliwa haiuzwi, na anayeiuza ni tapeli.