Somo la Biblia: Tohara ya Ibrahimu na Binti Zetu

Masomo: Mwanzo 17:1-22, Matendo 15:1-21, Yoshua 20:1-6

Kila msimu wa tohara unapokaribia katika koo zetu za Tarime na Serengeti, hasa mwezi wa Desemba shule zinapofungwa, tunasikia neno lile lile, na mara nyingine hata mbele ya mlango wa kanisa: "Mbona Ibrahimu naye alitahiri?" Asemaye hivyo hasemi uongo. Lakini je, ameisoma sura yote? Na tuisome pole pole, kama tulivyozoea darasani.

1. Maandiko yasema nini?

Katika Mwanzo 17 alama ya agano iliamriwa kwa wanaume tu: mtoto wa kiume wa siku nane, mtumwa aliyenunuliwa, na Ishmaeli aliyekuwa na miaka 13. Sasa tushuke hadi mstari wa 15. Hapo Mungu anamtaja Sara. Anampa jina jipya, anambariki, na kuahidi kwamba mataifa yatatoka kwake. Kisu hakitajwi. Sara aliipokea baraka na mwili wake mzima. Basi anayemkeketa binti yake akisema anamfuata Ibrahimu, amemruka Sara aliyemo katika sura ile ile.

2. Kanisa la kwanza liliamua nini?

Katika Matendo 15 mitume na wazee walikutana Yerusalemu kwa sababu watu wengine walifundisha kwamba asiyetahiriwa hawezi kuokoka. Baada ya hoja nyingi waliamua wasiwatwike watu wa Mataifa mzigo huo. Tena ile ilikuwa tohara iliyoamriwa na Mungu mwenyewe! Kama hiyo haikuwa sharti la wokovu, itakuwaje ile isiyoamriwa po pote katika Maandiko iwe sharti la kuitwa mwanamke, au la kuolewa? Wala haitupasi sisi Wakristo kumwita binti "msagane" kwa dharau.

3. Neno hili latudai nini leo?

Tusiwadharau wazee wetu. Katika jando na rika kulikuwa na mafundisho, heshima na urafiki wa kudumu, nayo ni mema. Lakini kumkata binti humletea maumivu, kutoka damu, taabu wakati wa kujifungua, na mara nyingine kifo. Hilo si la kuhifadhiwa.

Sheria ya mwaka 1998 inamhukumu kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili, mzazi au mlezi anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, au anayesababisha akeketwe. Hata hivyo wako wanaofanya kwa siri, na wanaowavusha binti mpaka kwenda Kenya, ambako pia ni kosa. Tena tukumbuke ya Wakikuyu wa Kenya mwaka 1929: misheni zilipowadai Wakristo waahidi kuiacha desturi hii, wengi waliyaacha makanisa wakaanzisha shule na makanisa yao. Amri bila mafundisho haiugeuzi moyo.

4. Mji wa makimbilio

Yoshua aliagizwa kutenga miji ya makimbilio kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia. Kama mtu huyo alipewa mlango wa kukimbilia, si zaidi mtoto asiye na kosa? Mwaka 2014 Dayosisi ya Mara ilifungua Nyumba Salama pale Mugumu, na wilayani Tarime kiko kituo cha Masanga. Wasichana hukimbilia huko, wengine usiku, kwa miguu.

Lakini Yoshua 20:6 yasema kwamba mkimbizi alikuwa na siku ya kurudi kwao. Binti naye hurudi. Atamkuta nani? Baba anayehesabu ng'ombe aliowakosa, au baba anayemwita mwanangu?

Hapa nasi hatuna budi kuungama. Tulipokuwa walimu, kila Januari tuliita majina katika daftari la mahudhurio. Wasichana wengine hawakuitika, kwa maana walikwisha kukeketwa na kuozwa. Tuliweka alama ya kutokuwapo, tukaendelea na somo. Hatukwenda nyumbani kwao kuuliza. Msomaji, usifanye kama sisi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi na Umoja wa Mama

1. Kwa nini Sara alibarikiwa bila tohara?
2. Ni mafundisho gani ya rika tuwezayo kuwapa binti zetu bila kisu?
3. Binti akirudi kutoka Mugumu au Masanga, nani katika mtaa wetu atakwenda pamoja naye hadi kwa wazazi wake?

Tusiliache swali la tatu mpaka tumetaja jina la mtu.