Unguja na Mtoto wa Miaka Miwili: Vidokezo vya Kula Nje Bila Vurugu

Mzazi akipanga likizo ya Unguja na mtoto mdogo, swali la kwanza huwa: huko atakula nini? Wasiwasi huo umegonga mlango usio wake. Vyakula laini visiwani havina idadi. Kinachovuruga mlo wa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu ni kusubiri. Ninyi mnapiga soga huku samaki anageuzwa jikoni. Yeye ameshateremka kitini, amevuta kitambaa cha meza, na kijiko kimesafiri hadi meza ya wageni wa Kijerumani. Vingi kati ya vidokezo hivi ni mbinu za kufupisha kusubiri huko, au walau kukufanya kuvumilike.

1. Kuleni kwa saa ya mtoto

Likizoni watu wazima hula cha mchana saa nane na cha usiku saa tatu. Tumbo la mtoto halina habari na likizo. Ingieni mkahawani saa tano na nusu, kabla watu hawajajaa. Wakati huo wali ndio kwanza umeepuliwa, mhudumu ana nafasi ya kukusikiliza, na mpishi hajaanza kukasirika. Wengine wanapohangaika kutafuta meza, ninyi mnarudi chumbani na mtoto kalala begani.

2. Agizeni kabla ya njaa

Kwenye mikahawa midogo ya ufukweni, Jambiani, Paje au Michamvi, samaki huanza kushughulikiwa mkishaagiza. Ukiuliza itachukua muda gani utaambiwa dakika ishirini. Hizo dakika ishirini ni adabu tu, usizitegee saa. Piteni asubuhi mkiwa matembezini, semeni mnachotaka, acheni namba ya simu na mrudi saa sita. Wenye mikahawa hawaoni ajabu. Wengine watafurahi, maana watajua wanunue nini wavuvi wakirudi.

Mkiwa mmeshakaa, ombi la kwanza liwe la mtoto: "Dada, naomba wali wa mtoto utangulie na mchuzi kidogo. Sisi tutasubiri." Usipolisema, desturi nzuri ya kuleta vyakula vyote kwa pamoja itakuponza.

3. Achana na chipsi

Najua, chipsi ndiyo njia ya mkato. Ila kuvuka bahari na kumlisha mtoto chipsi zilezile za kona ya mtaani kwenu, tena zilizokauka, ni kuwanyima wapishi wa Unguja nafasi ya kukusaidia. Ulizeni kama kuna bokoboko: ngano na nyama zilizochemshwa muda mrefu, zikasongwa hadi nyuzi za nyama zipotelee ndani ya uji mzito, kisha juu zikatiwa samli. Mtoto mwenye meno manane hulimudu bila msaada. Halipikwi kila siku wala kila mahali, kwa hiyo likipatikana msiulize mara mbili.

Lisipopatikana, kuna ndizi mbivu za nazi, maboga ya nazi, wali wa nazi na maharage, na chapati ya moto ya kuchanachana na kuchovya kwenye mchuzi. Asubuhi kuna mkate wa kumimina, mtamu na laini, ambao mtoto anaweza kutembea nao mkononi. Hoteli nyingi zinaweza kumpikia mtoto uji hata kama haumo kwenye orodha ya kifungua kinywa. Mwambieni mpishi usiku uliotangulia.

4. Pilipili iulizwe vizuri

Usiulize "Ni kali?" Utajibiwa "Wala!" na mtu aliyekula pilipili mbuzi tangu utotoni. Uliza hivi: "Pilipili imetiwa wakati wa kupika, au iko pembeni?" Hapo utapata jibu la kukusaidia.

Biriani ni rahisi kuliko linavyoonekana, kwa sababu wali na masala hupikwa mbalimbali: mpe mtoto wali na kipande cha nyama kilichopanguswa masala, viungo vingi vibaki kwako. Pilau kwa kawaida halina ukali, lakini lina mitego ya karafuu, iliki na vipande vya mdalasini. Lipekue kwa kidole kabla halijafika kinywani mwake, maana karafuu moja nzima ikipasukia mdomoni atakataa wali wote wa siku hiyo.

Urojo nao usiuogope. Mtazame mwuzaji anavyoutengeneza: viazi vya kuchemsha kwanza, bajia, labda kachori, kisha upawa wa rojo la njano lenye uchachu, halafu chatini, pilipili, na mwisho mihogo mikavu iliyokaangwa inayovunjwavunjwa juu. Kila kitu kina sufuria au bakuli lake. Mkatishe mapema: "Ami, cha mtoto ishia kwenye viazi na bajia, rojo kidogo tu." Mihogo ile mikavu kula wewe.

5. Samaki ni nguru au jodari

Changu ni mtamu, lakini miba yake inahitaji mlaji mwenye utulivu. Nguru na jodari huuzwa kwa vipande vinono ambavyo unaweza kuvifumua kwa vidole na kuhakikisha. Fumueni kwa vidole kweli, si kwa uma. Uma hauhisi mwiba. Samaki wa kupaka ni mzuri iwapo jibu la swali la pilipili limekuridhisha. Pweza, kwa heshima yake yote, asubiri magego.

6. Zawadi za wapita njia

Zanzibar mtoto hapiti bila kupewa kitu. Mwenye duka atamkabidhi ubuyu ule mwekundu, jirani yake kipande cha kashata. Pokea, shukuru, tia mfukoni. Punje ya ubuyu ni kokwa gumu na telezi likishamumunywa, na karanga nzima si za mtoto hadi akaribie miaka mitano. Msimu wa shokishoki kuwa mkali zaidi: tunda huteleza hata mikononi mwa mtu mzima. Menya, kata nyama utoe kokwa, ndipo umpe. Zabibu pasua kwa urefu.

7. Forodhani, jua likizama

Kwenda Unguja bila kula Forodhani ni jambo ambalo watu watakuuliza ukirudi, basi nendeni, lakini mapema. Meza za chakula hupangwa alasiri inapokwisha. Mfike saa kumi na mbili na kidogo: makaa yameshakolea, foleni bado fupi, na mwanga wa kumwona mtoto alipo bado upo. Saa mbili usiku pale pana moshi, taa kali na miguu mingi mno kwa mtu mwenye urefu wa sentimita themanini.

Meza, majiko na vijiti vya mishkaki viko kwenye usawa wa uso wake, kwa hiyo asitembee kati ya meza; abebwe. Gaweni kazi: mmoja apange foleni, mwingine akae na mtoto kwenye nyasi, mbali na ukuta wa bahari ambako vijana hurukia majini. Mtoto ataona wanavyoruka na atakuwa na mawazo yake.

Cha kununua ni kile kinachopikwa mbele ya macho yenu. Pizza ya Zanzibar inafaa mno kwa hilo, kwa sababu mchezo wa kuitengeneza peke yake humtuliza mtoto: donge la unga linatandazwa hadi liwe jembamba kama utando, linatiwa nyama ya kusaga na vitunguu, yai linapasuliwa juu, pembe zinakunjwa, kisha kwenye chuma. Omba isitiwe pilipili na ikatwe vipande vidogo. Ipasue ndani uache mvuke utoke, kwani juu hupoa haraka huku kiini bado kinaunguza. Mishkaki ya kamba na ngisi iliyopangwa mezani tangu jioni, huku ikipashwa tu kila mteja anapofika, mimi simpi mtoto, hata nikibembelezwa kwa lugha nne. Juisi ya miwa iombeni bila barafu, na tangawizi iwe kidogo.

8. Doti moja ya kanga

Viti vya watoto hupatikana kwenye hoteli kubwa, kwingine msivitarajie. Kanga mbili huziba pengo hilo. Ya kwanza mpitishie mtoto kiunoni na kuifunga nyuma ya kiti chenye mgongo, nawe ukae ubavuni pake bila kuondoka. Ya pili tandika chini, au mvishe shingoni mchuzi unapofika. Palipo na mkeka, acheni meza kabisa mkae chini. Hawezi kuanguka kutoka sakafuni.

Kwenye mkoba tia pia kitambaa kibichi ndani ya kikopo kinachofungwa, kijiko chake alichokizoea na hotipoti ndogo. Hiyo hotipoti ndiyo itakayobeba wali uliobaki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia, kwa hiyo msitegemee kufungiwa chakula ndani ya rambo.

9. Tazameni maji kabla ya menyu

Upande wa mashariki wa kisiwa, bahari hupwa ikaenda mbali hadi mtu akaisahau. Kati ya maji kupwa na kujaa ni saa sita hivi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hukauka kama saa nne asubuhi na hujaa alasiri. Kwa mwenye mtoto hiyo ni ratiba ya mlo. Maji yakiwa yametoka, mchanga mbele ya mkahawa ni uwanja: mzazi mmoja anacheza naye huku samaki anapikwa. Mvisheni viatu, kwa sababu ya mawe na wale viumbe wa miiba mieusi. Maji yakijaa, mahali pengine mawimbi hufika hadi ngazi za mkahawa, na hapo kila mlo huwa ni kazi ya ulinzi.

Ule mkahawa maarufu ulio juu ya mwamba pale Michamvi Pingwe hufikiwa kwa miguu maji yakipwa na kwa mashua yakijaa. Picha zake ni nzuri. Lakini ni mdogo, umezungukwa na bahari, na mtoto wa miaka miwili hana pa kukimbilia. Ningewaachia waliofunga ndoa wiki iliyopita.

10. Mkienda Ramadhani

Mikahawa mingi ya mitaani hufungwa mchana, na kula hadharani ni kuwakosea watu heshima. Mtoto hafungi, lakini mlisheni ndani au kwenye hoteli mliyofikia. Mchana mtapata taabu kidogo, jioni mtalipwa: futari yote ni chakula cha mtoto. Mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi za sukari, uji. Mkialikwa kufuturu, nendeni, na msihofie fujo atakazofanya.

11. Maji na dharura

Maji ya chupa, mfuniko ufunguliwe mbele yenu. Dafu linalokatwa papo hapo ni salama na linamfurahisha. Pakiti mbili tatu za ORS zikae mkobani. Nyingi huchanganywa na lita moja ya maji safi, someni maelezo. Siku ya boti kutoka Dar, safari ya saa mbili hivi, hasa kusi likivuma, mpeni mkate mkavu kidogo tu. Maziwa na juisi mtavinunua mkishuka.

12. Bili ije na chakula

Mhudumu akileta sahani, mwambie hapohapo: "Tuletee na bili kabisa, tafadhali." Mtoto akichoka hatoi notisi, na hakuna dakika ndefu kama ile ya kungoja chenji huku amejinyoosha kama ubao na kupiga mayowe. Pengine mhudumu ameshambeba hadi jikoni kuona kuku. Unguja hilo hutokea, na kwa dakika tano mtakula kwa mikono miwili. Ongezeni bakshishi, na ya yule atakayefagia wali chini ya meza mpeni mwenyewe mkononi.