Chapa Haimnenepeshi Ng'ombe: Somo la Biashara ya Kufundisha kwa Intaneti

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo la Biashara litakalowafaa wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne. Nimechagua biashara ya kufundisha watu kwa njia ya intaneti kwa malipo. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, haihitaji duka wala ghala. Mwenye ujuzi wa kweli, simu na uvumilivu aweza kuianza nyumbani kwake. Wengi wenu mtamaliza masomo bila kupata ajira upesi, nanyi mtaitazama kazi hii kwa tamaa. Pili, wengi waianzao huiacha, na kabla ya kuiacha aghalabu hujaribu dawa moja: hubadili jina, huchora nembo mpya, kisha hungoja wanafunzi waje. Shabaha ya somo hili ni kuonyesha lini dawa hiyo hufaa, na lini ni kupoteza fedha bure.

1. Asili ya biashara hii

Kufundisha watu walio mbali si jambo geni. Mwaka 1840, Serikali ya Uingereza ilipoweka stempu ya peni moja kwa barua za kwenda popote nchini, Bwana Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa posta. Alipeleka somo kwa kadi, mwanafunzi akaandika zoezi lake, akalirudisha, naye Pitman akalisahihisha na kulipeleka tena. Kwetu Tanzania, Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 hufundisha kwa namna iliyo ndugu ya hiyo.

Hapa pana jambo la kushika vizuri. Pitman hakuuza kadi. Kitabu chake cha hati mkato kiliweza kununuliwa na mtu yeyote akajisomea. Alichowapa wanafunzi wake ni kusahihishwa. Ndivyo ilivyo hata leo: video za bure zimejaa kwenye intaneti, na mtu hatalipa ili aone video tu. Hulipa ili aongozwe, asahihishwe, afike mwisho wa somo akiwa anaweza kazi ambayo jana hakuiweza. Hiyo ndiyo bidhaa.

2. Jina ni nini katika biashara

Wafugaji huwapiga ng'ombe wao chapa. Chapa humjulisha mwenye ng'ombe, nayo huzuia ugomvi malishoni. Lakini chapa haimnenepeshi ng'ombe. Aliyekonda atakuwa amekonda, hata ukimpiga chapa nzuri namna gani.

Jina la biashara ni kama hivyo. Ni ahadi ambayo watu wamezoea kuona inatimizwa. Wahenga walisema, jina jema hung'aa gizani. Nao walisema pia, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiziweka methali hizo mbili pamoja utapata kanuni: kazi njema huja kwanza, jina huibeba na kuifikisha mbali. Jina lisilo na kazi nyuma yake halina cha kubeba.

3. Mfano wa Marekani

Bibi Lynda Weinman alikuwa mwalimu wa usanifu wa picha huko California. Mwaka 1995 alifungua anwani ya intaneti kwa jina lake mwenyewe, lynda.com, ili wanafunzi wake wapate mahali pa kusoma na kuuliza. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu chake juu ya kutengeneza picha za kurasa za intaneti. Baadaye yeye na mumewe, Bwana Bruce Heavin, walifungua madarasa katika mji mdogo wa Ojai, na watu wakasafiri kutoka mbali kuja kusoma.

Mwaka 2001 biashara za intaneti zilianguka huko Marekani, na baada ya mashambulio ya Septemba mwaka huohuo watu waliogopa kusafiri. Madarasa yakapungukiwa. Hapo ndipo walipogeuza kazi yao: mwaka 2002 waliyaweka masomo katika video, wakayauza kwa ada ya mwezi ya dola 25, mtu asome masomo yote apendayo. Angalieni sana: waligeuza namna ya kufundisha na namna ya kulipisha, lakini jina hawakuligusa. Wale waliokuwa wamemwamini mwalimu kwa kitabu na kwa darasa walimwamini pia kwa video.

Walikwenda hivyo kwa miaka mingi kwa fedha za biashara yenyewe, na mwaka 2013 ndipo walipopokea mtaji mkubwa kutoka nje, dola milioni 103. Mwaka 2015 kampuni ya LinkedIn iliinunua biashara hiyo kwa bei ya dola bilioni 1.5. Mwaka 2016 ilitokea huduma iitwayo LinkedIn Learning, iliyojengwa juu ya masomo hayo, na mwaka 2021 jina la zamani likaondolewa kabisa. Kwa hiyo jina la mwalimu lilibadilishwa miaka mingi baada ya kazi kukua, na mnunuzi hakulitupa siku ya kwanza; aliliacha liishi miaka kadhaa kando ya jina jipya.

4. Mfano wa Kenya

Tusogee karibu na kwetu. Mwaka 2011 Bwana Kago Kagichiri na Bibi Toni Maraviglia walianzisha huko Kenya huduma iliyoitwa MPrep. Mwanafunzi mwenye simu ya kawaida, isiyo na intaneti, aliweza kupata maswali ya mtihani kwa ujumbe mfupi, akajibu, akasahihishwa papo hapo. Baadaye wakaibadilisha jina, ikaitwa Eneza Education, nayo ikavuka mipaka hata Ghana na Kodivaa.

Mimi naona mabadiliko hayo yalikuwa na busara, na nitasema kwa nini. Jina la kwanza la Kiingereza lilikuwa na maana ya maandalizi ya mtihani. Jina kama hilo hufunga kazi ndani ya chumba kimoja. Mitihani nayo hubadilika: mtihani wa KCPE, uliomaliza elimu ya msingi huko Kenya, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Jina la pili ni kitenzi chetu cha Kiswahili, nalo lasema kazi yenyewe, yaani kueneza. Kazi inapokuwa kubwa kuliko jina, jina huwa kama sare ya Kidato cha Kwanza kwa kijana wa Kidato cha Nne. Ni haki kuibadili.

5. Hesabu ya daftari

Sasa tutazame biashara ndogo. Msichana mmoja aliyesoma hapa shuleni, ambaye leo ni fundi wa cherehani, hufundisha kukata na kushona magauni kwa simu. Alinijia akisema, "Mwalimu, nataka kubadili jina la darasa langu. Hili la sasa halina mvuto." Jina lake lilikuwa na jina la wilaya yake ndani, na mchoraji alitaka shilingi 400,000 kwa nembo mpya. Nikamwambia, "Mwanangu, lete daftari kwanza." Kwa ruhusa yake ninawapa hesabu zile, nikiwa nimezifanya tarakimu za duara.

Awamu moja ilikuwa na wanafunzi 48, kila mmoja alilipa shilingi 20,000, jumla shilingi 960,000. Gharama zake zilikuwa hizi: bando shilingi 110,000, matangazo 150,000, vitambaa, karatasi na taa 60,000, makato ya simu 20,000. Jumla 340,000. Zilibaki shilingi 620,000 kwa kazi ya miezi miwili. Nembo peke yake ingekula karibu theluthi mbili za hizo.

Nikamwuliza, wangapi walimaliza masomo yote manane? Walikuwa 17. Basi 31 waliacha njiani. Tukahesabu kila mmoja aliachia wapi: baada ya somo la kwanza 5, katika somo la tatu 19, na baadaye 7. Somo la tatu lilikuwa la kuunga mkono wa gauni. Video yake ilikuwa ya dakika 50, ikamaliza bando la watu. Na waliotuma picha za kazi yao ili wasahihishwe walingoja wiki nzima.

Tena tukatazama wanafunzi wapya walitoka wapi. Matangazo ya shilingi 150,000 yalileta 10, yaani kila mmoja aligharimu shilingi 15,000 kabla hajafundishwa neno. Wale 17 waliomaliza walileta jamaa na majirani 14, bila gharama. Wale 31 walioacha walileta 2 tu.

Hapo ugonjwa ulijulikana, nao haukuwa jina. Alilikata somo la tatu kuwa video sita fupi, akawaagiza wanafunzi wakate kwanza magazeti ya zamani kabla ya kitambaa, akaacha matangazo, akamlipa msaidizi shilingi 120,000 ili kila picha ijibiwe kabla ya siku mbili kupita. Awamu iliyofuata ilikuwa na wanafunzi 45, na waliomaliza walikuwa 30. Nisiwafiche: faida haikuongezeka awamu ile, ilipungua kidogo. Lakini waliomaliza ndio mbegu. Awamu ya tatu walikuja wanafunzi 70, wengine kutoka Mwanza na Mombasa. Ndipo jina la wilaya lilipokuwa si kweli tena, nami nikamwambia, "Sasa badili."

6. Namna ya kubadili jina bila kuwapoteza watu

Kwanza, waulize wanafunzi wako huiitaje kazi yako wanapowasimulia wenzao. Jina lililo midomoni mwa watu ni bora kuliko lililobuniwa mezani. Liwe fupi, litamkike kwa urahisi, lisitaje mahali, mtihani wala chombo kitakachopitwa na wakati.

Pili, hakikisha jina halina mwenyewe. Tanzania Bara jina la biashara huandikishwa BRELA, na Zanzibar ina wakala wake. Jueni pia kwamba kuandikisha jina la biashara si sawa na kuandikisha alama ya biashara. Ukitaka haki ya kuwazuia wengine kuitumia chapa yako, andikisha alama. Tanzania Bara hudumu miaka 7, kisha huendelezwa kwa miaka 10 kila mara.

Tatu, usibadili kila kitu siku moja. Namba ya simu ibaki ileile. Anwani ya zamani iwapeleke watu kwenye mpya. Kwa muda wa kutosha andika jina jipya na chini yake "zamani likiitwa", ukitaja la kwanza.

Nne, angalia jina litokealo mtu anapolipa kwa simu. Mwanafunzi akiona jina asilolijua hufikiri ametapeliwa, naye hughairi. Jambo hili dogo laweza kuua mwezi mzima wa biashara.

Tano, timiza ahadi zote zilizotolewa kwa jina la zamani. Aliyelipa amalizie masomo yake, na aliyemaliza cheti chake kitambuliwe. Na zile namba za simu za wanafunzi ni amana: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu kuzigawa ovyo.

7. Mwisho

Wanafunzi wangu, mkija kuanza kazi kama hii, daftari liwe mbele na nembo iwe nyuma. Kila mwisho wa mwezi jiulizeni maswali matatu: wangapi wameanza, wangapi wamemaliza, na waliomaliza wameleta wangapi. Tarakimu hizo zikiwa mbaya, tengeneza somo. Zikiwa njema, na jina limekuwa dogo kuliko kazi, basi tengeneza jina.

Maswali ya kujipima

(a) Katika sehemu ya 5, bando la awamu ya pili lilikuwa shilingi 90,000, na gharama nyingine ambazo hazikutajwa kubadilika zilibaki vilevile. Tafuta faida ya awamu hiyo, uilinganishe na ya kwanza.

(b) Kwa nini mwalimu alishauri asinunue nembo katika awamu ya kwanza? Toa sababu mbili.

(c) Eleza tofauti kati ya jina la biashara na alama ya biashara.

(d) Chagua ujuzi mmoja ambao wewe mwenyewe unaujua. Andika ni nini mwanafunzi wako ataweza kukifanya mwishoni, na utamsahihisha kwa njia gani. Jina usiliandike bado.